Kabla Bastola Haijaingia Ndani

Kuna wanawake ambao waume zao wanawaomba ruhusa ya kununua gari. Wengine wanaombwa kiwanja kiuzwe. Wengine, Mungu awatie nguvu, wanaombwa wakubali mke mwenza. Wa kwangu aliniomba bastola.

Na alichagua muda kama wanaume wote wanavyochagua: watoto wamelala, nimeshiba, tamthilia imekatizwa na matangazo. "Mama Watoto, nafikiria kuchukua silaha." Nikadhani anazungumzia panga. Panga tunalo, liko nyuma ya mlango wa jikoni tangu tulipohamia Goba, na kazi yake mpaka leo ni kufyekea majani na kupasulia madafu. Akaniambia hapana, bastola.

Nisikufiche, msomaji wangu, sikushangaa sana. Baba Watoto ana duka la vifaa vya ujenzi kule Tegeta. Anafunga saa 2 usiku na mara nyingi anarudi na mauzo ya siku nzima chini ya kiti cha gari. Miezi michache iliyopita vijana wawili wa pikipiki walimtembelea wakala wa fedha aliyepanga milango miwili kutoka kwake. Walichukua droo yote, wakamwachia tundu la paja. Yuko hai, anatembea kwa gongo. Tangu siku hiyo mume wangu akisikia mbwa wa jirani anabweka, anakaa kitandani. Hawashi taa, haongei, anakaa tu. Mwanamke yeyote anayelala na mwanaume anajua tofauti ya aliyeamka na aliyeogopa.

Kwa hiyo sikumkatalia. Nilimuuliza swali moja tu: "Bastola gani?"

"Glock," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyemaliza.

Sasa hapo ndipo kazi yangu inaponiharibu. Mimi ni mhariri, nimesomea mawasiliano, na ninalipwa mshahara kuwauliza watu "unamaanisha nini hasa?" Glock ni jina la kiwanda. Ni sawa na kumwambia muuza magari unataka Toyota. Vitz ni Toyota, na lile Land Cruiser la mheshimiwa nalo ni Toyota. Nikamwambia kama kitu hicho kitaingia kwenye nyumba yenye watoto wangu wawili, basi tutakichagua wote, kwa utaratibu ule ule tuliochagulia friji. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili iliyofuata tukaenda Kibaha kwa mjomba wangu, mstaafu wa jeshi, mtu ambaye huwa anaongea mambo mawili tu: mihogo yake na silaha. Alitukalisha chini ya mwembe akaanza tangu mwanzo. Kwamba huyo Gaston Glock wa Austria, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 94, hakuwa fundi bunduki kabisa. Kiwanda chake kilikuwa kinatengeneza vitu kama fimbo za kuning'inizia mapazia na visu vya jeshi. Jeshi la nchi yake lilipotafuta bastola mpya, naye akajitosa, na mwaka 1982 ile Glock 17 ikawabwaga wenye majina makubwa. Siri ilikuwa mpini wa plastiki ngumu. Watu walicheka, wakasema itayeyuka. Leo viwanda karibu vyote vinaiga.

"Sasa mwanangu," mjomba akaniambia, maana mume wangu alikuwa ameshapotea kwenye simu akitazama video, "hizi zinazokuhusu ni ndugu watatu. Kuna kaka, kuna wa kati, kuna kitinda mimba."

Kaka ndio hiyo 17. Mtutu wake una milimita 114, magazini inabeba risasi 17. Wa kati ni Glock 19, iliyotoka mwaka 1988: mtutu milimita 102, risasi 15. Kitinda mimba ni Glock 26, ya katikati ya miaka ya 1990: mtutu milimita 87, risasi 10, mpini mfupi mpaka kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia hewani. Wote watatu wanakula risasi moja, ile ya milimita 9 ambayo Mjerumani Georg Luger aliibuni zaidi ya miaka 120 iliyopita. Na wote ni nusu otomatiki, yaani ukivuta mara moja inatoka moja, kisha yenyewe inapakia nyingine na kukusubiri. Hicho kipande cha "kukusubiri" nilikishika kichwani.

Kuna na wadogo zaidi, kama ile 43 ya mwaka 2015 ambayo ni nyembamba na inabeba risasi 6. Mjomba aliikunjia uso. Alisema bastola ndogo inapendwa na mnunuzi na kuchukiwa na mpigaji. Inapendeza dukani, haionekani chini ya shati, lakini siku ya kuipiga inaruka mkononi kama kambare, na kwa sababu mtutu ni mfupi na alama za kulengea zimekaribiana, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kule mbele. Bastola kubwa ni kinyume chake: ina utulivu, ina uzito wa kumeza mshindo, lakini nani atatembea Kariakoo na kitu kile kiunoni kwenye joto la Februari?

Nilimtazama mume wangu nikajua anataka ipi. Alitaka 17. Wanaume na vitu virefu, tuyaache.

Wiki hiyo hiyo tukaenda kwenye duka la silaha mjini. Nilitegemea mahali pa kutisha. Nikakuta kaunta ya kioo, feni na kijana mwenye tai. Akatueleza moja kwa moja kwamba bila kibali hauzi hata risasi moja, lakini kutazama hakuna aliyekatazwa. Kila bastola aliyoitoa aliifungua kwanza, akatoa magazini, akaturudishia chuma cha juu nyuma tuone chemba iko wazi, ndipo akaiweka mezani. Nilimpenda kwa hilo. Ambacho sikukipenda ni kwamba alikuwa anaongea na mume wangu peke yake, mimi akinitabasamia tu kama mtu aliyesindikiza. Baba Watoto, tumpe haki yake, ndiye aliyesema, "Kaka, mpe na mama ashike. Yeye ndiye mwenye maswali."

Basi nikashika. Nilidhani nitatetemeka, sikutetemeka. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni wepesi. Ile 19 ikiwa tupu ni kama gramu 600, ikijazwa risasi inafika kama gramu 850. Chini ya kilo moja ya sukari, nikawaza, halafu kitu hicho kinaweza kumaliza ukoo. Ile 26 ilikaa kwenye mkono wangu vizuri kuliko wa mume wangu. Yeye vidole vilijazana kama abiria wa daladala la jioni. Ile 17 ilimkaa yeye. Ile 19 ilitukaa wote wawili.

Halafu kijana akasema neno ambalo video hazikumwambia mume wangu: "Kizazi gani?" Kumbe hao ndugu watatu kila mmoja ana matoleo. Kizazi cha 3, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kina mifereji ya vidole kwenye mpini. Ikiwa vidole vyako vinalingana na vya Mwaustria aliyeichora, hongera. Kama havilingani, kila ukiishika unakaa juu ya matuta. Kizazi cha 4, cha mwaka 2010, kilileta migongo ya kubadilisha ili mpini uwe mnene au mwembamba kulingana na kiganja. Kizazi cha 5, cha mwaka 2017, kikaifuta kabisa ile mifereji.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo kwetu lilikuwa kubwa. Baba Watoto anatumia mkono wa kushoto. Anakula na wa kulia kwa sababu mama yake alimchapa, lakini kila kitu kingine ni kushoto. Bastola nyingi zimetengenezwa kwa watu wa kulia. Vitufe vyote viko upande ambao kidole gumba chake hakifiki. Kwenye kizazi cha 3 alikuwa anaigeuzageuza kama mtu anayefungua kopo bila kopeni. Kwenye kizazi cha 4 na cha 5 kile kitufe cha kutolea magazini unaweza kukihamishia upande wa pili, na kwenye cha 5 hata kile kikono cha kuachia chuma cha juu kipo pande zote mbili. Nilimwona mabega yakishuka. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo habari. Mambo ya urefu weka pembeni."

Nikauliza swali langu lililonipeleka pale. "Usalama wake uko wapi?" Nilitaka kuona kitu cha kubonyeza, kile kikono ambacho kwenye filamu mtu anakisukuma kwanza. Kijana akaniambia Glock za kawaida hazina. Usalama uko ndani: kuna ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, na vizuizi vingine viwili ndani ya mashine, vyote vinaachia vyenyewe mtu akivuta. Usipovuta, haifyatuki hata ikidondoka. Ukivuta, inafyatuka. Hakuna swali la pili.

Askari anafurahia jambo hilo, kwa sababu siku ya hatari hakuna cha kusahau. Mama wa mtoto wa miaka 6 anasikia kitu kingine. Mtoto wa miaka 6 anajua kuvuta. Ndicho kitu cha kwanza wanachojua.

Nikaomba yenye kitufe. Akatutolea CZ, ile ambayo wenzetu wa Kenya wanaiita Ceska na ukisoma magazeti yao huikosi kwenye habari za uhalifu. Ni ya Wacheki, familia yake ilianza mwaka 1975 na ndiyo maana inaitwa 75. Hii ni chuma kitupu, karibu kilo moja kabla hujaweka risasi. Nayo ina ndugu zake. Ile 75 B ina kikono cha usalama cha kupandisha na kushusha, lakini kinashika nyundo ikiwa imekokiwa tu. Ile BD haina hicho, badala yake ina kikono cha kuteremsha nyundo taratibu bila kufyatua, halafu risasi ya kwanza unaivuta kwa safari ndefu na nzito. Niliivuta. Kidole changu kilifika nusu ya safari kikaomba msaada. Nikasema moyoni, hii mtoto hataiweza kirahisi. Mume wangu akasema kwa sauti, hii na mimi sitaiweza kirahisi. Tukatazamana, kwa sababu wote tulikuwa tumesema ukweli.

Tulirudi nyumbani kimya. Foleni ya Mwenge ilitupa muda wa kutosha wa kuongea na hakuna aliyeutumia.

Usiku ule nilimsimulia habari ya Oscar Pistorius. Unaikumbuka? Yule mkimbiaji wa Afrika Kusini asiye na miguu, aliyekimbia Olimpiki ya London 2012. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, siku ya wapendanao, alipiga risasi 4 za milimita 9 kupitia mlango uliofungwa wa choo cha chumbani kwake. Alisema alidhani ni mwizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, miaka 29. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ya rufaa, mwaka 2015, ikasema ni mauaji ya kukusudia. Alitoka kwa msamaha wa masharti Januari 2024. Mimi sikuwepo chumbani kwao na sina la kuongeza juu ya hukumu. Nilichokisoma mara tatu ni lile neno mlango. Aliyekuwa nyuma ya mlango hakuonekana, na bastola ilikuwa karibu kuliko taa.

"Mimi usiku naamka kwenda chooni mara mbili," nikamwambia. "Na wewe unakaa kitandani gizani."

Akasema, "Mama Watoto, mimi sio Pistorius."

Ndipo nikasema ambalo lilikuwa kooni tangu siku ya kwanza. Nililisema taratibu, bila jazba, kwa sababu ukilisema kwa jazba linakuwa ugomvi na mimi sikutaka ugomvi. "Ndoa yetu ina miaka 9. Kuna siku milango imebamizwa humu. Kuna ile siku ya kikao cha kwenu uliporusha simu ukutani. Hujawahi kuninyooshea mkono, na ningeulizwa mahakamani ningeapa hivyo. Lakini siku kama ile, ufunguo wa hiyo bastola atakuwa nao nani?"

Dada zangu mnaosoma, nawaambia kile chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia friji jikoni. Halafu akaniuliza, "Unaniogopa?"

Ningeweza kusema hapana tukalala. Nikamwambia, "Wewe sikuogopi. Naogopa siku moja mbaya, yako au yangu." Kwa sababu na mimi nina hasira, na anayenijua anajua. Akachukua mto, akaenda sebuleni. Siku tatu tuliishi kwa salamu na habari za watoto.

Katika siku hizo tatu nilifanya kazi yangu, nikasoma. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na si ya mchezo. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapanda kata, polisi, kamati ya ulinzi na usalama, alama za vidole zinachukuliwa, kila ngazi inaulizwa huyu mtu ana tabia gani. Watu wanalalamika ni mlolongo. Mimi niliusoma mlolongo ule nikaona ni swali langu lile lile la kitandani, ila linaulizwa na watu wenye mihuri. Mwaka 2016, kwenye uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mwenye bastola aliagizwa aipeleke ikaguliwe. Ukichukua silaha umejiandikisha kuulizwa maswali, tena sio mara moja.

Mjomba naye nilimpigia. Nilimuuliza kama mimi ninaweza kukaa na ufunguo. Akanikatiza: "Leseni ni ya mtu, mwanangu, sio ya familia. Wewe huruhusiwi kuifikia peke yako, kama mimi nisivyoruhusiwa." Akaniambia pia kwamba bastola ya mfanyabiashara kazi yake ni njiani, kati ya duka na geti. Ikishaingia ndani ya ukuta, itolewe risasi, ifungiwe. Mwizi akiwa nje ya nondo, piga kelele, piga simu, washa taa zote. Mwanajeshi mzima wa miaka 70 ananiambia silaha ya nyumbani ni taa! Niliipenda hiyo.

Siku ya nne Baba Watoto alirudi mapema, akaleta na chipsi kuku za watoto, dalili ya mtu aliyefikiri. Walipolala akaniambia ameongea na fundi. Sefu ya chuma, kufuli mbili tofauti. Ufunguo mmoja wake, mmoja wangu. Mimi siwezi kuifungua bila yeye, yeye hawezi bila mimi. Asubuhi tunafungua wote, anaondoka nayo dukani. Usiku tunafunga wote. Magazini inakaa mbali na bastola. Siku akiwa amekunywa, hata bia moja ya harusi, haitoki. Na tukisafiri wote tunaipeleka ikahifadhiwe polisi.

"Na siku nikikuudhi asubuhi?" nikamuuliza.

"Siku hiyo itabaki humo."

Nikamuuliza tena, maana mhariri hasomi mara moja: "Na siku ukiniudhi wewe, nikakunyima ufunguo, ukaenda Tegeta mikono mitupu?"

Alifikiri kidogo. "Nitafunga duka saa 12 jioni."

Hili la kufunga saa 12, kumbe lilikuwepo muda wote! Na la kupeleka fedha benki mchana, na la wateja wakubwa kulipa kwa simu. Ameshaanza yote mawili, bastola haijafika. Nilimwambia labda basi haina haja. Akaniambia haja ipo, anachotaka ni kulala. Sikubishana. Mimi ninayemsikia akikaa kitandani usiku ndiye ninayejua usingizi wake una thamani gani.

Kuhusu ipi, tulimaliza bila kupiga kura. Kitinda mimba ilitoka kwa sababu ya mkono wake na kwa sababu moja yangu: kitu kinachofichika kirahisi hivyo kitaenda naye mpaka kwenye vikao vya harusi. Kaka mkubwa ilitoka kwa sababu kwenye kiti cha gari ingemchoma nyonga, na akiichoka ataanza kuiacha kwenye droo. Ile ya Wacheki niliitetea mpaka mwisho, lakini mtu asiyeweza kuvuta vizuri risasi ya kwanza ni hatari kwa wapita njia, na kitufe cha usalama mtoto naye anajifunza. Chuma chenye kufuli mbili hajifunzi. Imebaki 19, kizazi cha 5, kwa mtu wa kushoto. Masharti yangu ya nyongeza ni mafunzo uwanjani kwanza, na mimi niende naye walau siku moja nione mkono wake ukitulia.

Fomu ziko kwa mtendaji wa kata. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja kuulizia alinikuta mimi peke yangu, akaniuliza kwa aibu aibu, "Mama, mzee wako hapa nyumbani yukoje?" Nikamkaribisha chai, nikamjibu kwa urefu, mazuri na ile simu iliyogonga ukuta. Jioni nilimweleza mume wangu nilichosema, neno kwa neno. Akaniangalia, akasema, "Umeandika hivyo hivyo?" Nikamwambia mwenyekiti ndiye aliyeandika.

Sefu imefika kabla ya kibali. Fundi anakuja Jumamosi kuifunga ukutani, na ameelekezwa asiipeleke chumbani. Itakaa stoo, nyuma ya gunia la mchele, mahali ambapo taa yake inawaka kabla hujaingia.